"Hakuna mnyama aliyeumizwa": maneno haya ya mwisho wa filamu yanatuahidi nini hasa?

Likizo ya Desemba iliyopita tulikuwa sebuleni kwa dada yangu Tanga, watu wanane, umeme kwa bahati haukukatika, tukaangalia Water for Elephants. Ni filamu ya mwaka 2011, lakini watoto walikuwa hawajaiona. Inamhusu kijana aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo. Wazazi wake wanakufa ghafla, anadandia treni usiku, na kunapokucha anajikuta katikati ya sarakasi inayozunguka Marekani ya mwaka 1931, siku za ule mdororo mkubwa wa uchumi. Sarakasi hiyo inanunua tembo jike anayeitwa Rosie. Mwenye sarakasi ni mtu wa hasira za karibu, na siku Rosie anapomharibia onyesho anachukua fimbo yenye ndoano ya chuma na kumwendea. Tunasikia zaidi kuliko tunavyoona.

Binti wa dada yangu, wa miaka tisa, aliziba masikio. Kelele zilipokwisha akanigeukia: "Mama mdogo, wamempiga kweli?"

Kabla sijafungua mdomo, shemeji akajibu: "Aa, hawajampiga. Filamu hizi mwishoni huandikwa kwamba hakuna mnyama aliyeumizwa." Mdogo wetu wa mwisho akadakia: "Usidanganyike, shemeji. Kuna video ya tembo huyuhuyu akipigwa shoti za umeme." Tukabishana mpaka chai ikapoa. Kila mmoja alikuwa na hakika yake, na kila mmoja aliona mwenzake ama amedanganywa ama anakuza mambo. Nimekuja kufuatilia baadaye, tena kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na nimegundua kwamba wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli. Ugomvi wao ulitokana na kuchanganya maswali mawili yanayofanana kwa mbali: mnyama huyu alitendewaje siku za kupigwa filamu, na mnyama huyu alifundishwaje mpaka akafika kwenye filamu.

Sarakasi ya nani?

Tuanze na neno lenyewe, maana nalo linatuchanganya. Kwetu Afrika Mashariki ukisema sarakasi, mtu anawaza vijana. Wanapandana mabegani mpaka wanasimama ghorofa tatu, wanaruka ndani ya duara la moto, wanajikunja kama hawana mfupa. Mnyama hayumo. Ndiyo maana mtu wa huku akisikia kwamba nchi fulani imepiga marufuku sarakasi, anashangaa kosa la vijana wa watu ni lipi.

Sarakasi inayogombaniwa ni nyingine. Ilianzia London mwaka 1768, pale askari mstaafu wa farasi aliyeitwa Philip Astley alipoanza kuonyesha michezo ya farasi ndani ya duara. Wakaongezwa wachekeshaji na watembea kamba, na katika karne ya 19 wakaja simba, chui milia, dubu na tembo. Reli iliposambaa Marekani, sarakasi ikapanda treni: mahema, watu na wanyama mabehewani, leo mji huu, kesho ule. Tembo ndiye aliyekuwa akiuza tiketi.

Maarufu kuliko wote alikuwa Jumbo, na jina hilo lina habari inayotugusa. Alikamatwa akiwa ndama kaskazini-mashariki mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1860, akapitia Paris, akafika bustani ya wanyama ya London mwaka 1865, akabeba watoto mgongoni kwa miaka mingi, na mwaka 1882 akauzwa kwa P. T. Barnum, tajiri wa sarakasi wa Marekani. Miaka mitatu baadaye aligongwa na treni huko St. Thomas, Ontario, Kanada, akafa. Wapo wanaosema jina lake lilitoka kwenye "jambo" au "jumbe" la Kiswahili. Hakuna aliyelithibitisha hilo, lakini mimi kila nikiliona neno hilo kwenye ubavu wa ndege au pakiti ya bidhaa, likimaanisha "kubwa sana", namkumbuka yule ndama.

Kufuga ni kitu kimoja, kuzoeza ni kingine

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Punda wa Lamu ni mnyama wa kufugwa. Mama yake alizaliwa mikononi mwa watu, na bibi yake, na ukoo wake wote kurudi nyuma maelfu ya miaka. Kizazi baada ya kizazi watu walichagua walio wapole wakazaana, wakali wakaachwa. Punda anapozaliwa leo, nusu ya kazi ya kumtuliza ilishafanywa na wahenga wake. Hilo halimaanishi kwamba hateseki. Lamu kuna hospitali ya punda tangu 1987, na wagonjwa hawajakwisha. Na sisi wenyewe ndio tuliosema "punda afe, mzigo ufike".

Tembo hajawahi kufugwa kwa maana hiyo. Hata India na Burma, ambako amefanya kazi na watu kwa maelfu ya miaka, kwa sehemu kubwa alikamatwa porini au alizaliwa na waliokamatwa. Hakuna aliyechagua tembo wapole vizazi mia mpaka upole ukaingia kwenye damu. Kwa hiyo tembo wa sarakasi ni mnyama pori aliyezoeshwa, na kila mmoja anaanzwa upya, kama vile hakuna aliyemtangulia.

Na ni mnyama wa aina gani huyo anayeanzwa upya? Watafiti wa Amboseli, Kenya, wamewafuatilia tembo kwa majina, familia kwa familia, tangu mwaka 1972, na waliyoyaona yanamfanya mtu anyamaze. Mimba ya tembo ni miezi 22. Ndama hunyonya miaka, wala si miezi. Jike haondoki kwa mama yake. Huishi naye, na shangazi zake, na dada zake, mpaka mmoja wao afe. Bibi mkubwa ndiye anayejua maji yako wapi mwaka wa ukame. Ukimtoa ndama kwenye mkusanyiko huo umemtoa kwenye ukoo, na hakuna hema linaloweza kumrudishia.

Sasa fikiria kazi ya mzoeshaji. Yeye ana kilo sabini, tembo jike wa Asia ana kilo elfu tatu. Kwa nguvu hamuwezi. Anachohitaji ni tembo aamini, kabla hajajua uzito wake mwenyewe, kwamba binadamu ndiye mwenye nguvu. Ndiyo maana jadi ya kazi hii ilikuwa kumuwahi mdogo, kumtenga na mama, kumfunga miguu kwa kamba au minyororo, na kumvunja moyo mpaka aache kupinga. Baada ya hapo ndipo masomo huanza.

Zawadi, maumivu, na fimbo juu ya meza

Mnyama hujifunza kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni zawadi: akifanya unachotaka anapata tunda. Ya pili ni maumivu, au hofu ya maumivu: asipofanya, anaumia, akifanya, maumivu yanakoma. Wazoeshaji wengi huchanganya zote mbili, kwa hiyo mtu akikuambia "sisi tunawapa matunda" anaweza kuwa anasema kweli, ila amekueleza nusu tu.

Kipo kipimo rahisi cha kutambua njia ipi inabeba mzigo: uliza kama mnyama anaweza kukataa. Kwenye bustani nyingi za kisasa za wanyama mlezi husimama upande mmoja wa vyuma, tembo upande wa pili. Mlezi ananyoosha kijiti chenye kibonge mbele, tembo anakigusa kwa mguu, anapewa tunda, na daktari anapata nafasi ya kuzitazama kucha zake. Tembo asipotaka anaondoka zake, na hakuna linalotokea. Kwenye sarakasi na kwenye filamu hakuna vyuma. Mtu na tembo wanasimama bega kwa bega, pembeni kuna waigizaji, taa na watoto walionunua tiketi. Hapo tembo akikataa, mtu anaweza kufa. Kwa hiyo hawezi kuruhusiwa kukataa, hata mara moja.

Kifaa cha kuhakikisha hakatai ndicho ile fimbo. Urefu wake ni kama mkono wa mtu, kichwani ina ncha ya chuma na pembeni ndoano. Wenye kazi wanasema ni ya kuelekeza tu, kama hatamu kwa farasi. Tembo huguswa nayo nyuma ya sikio, chini ya kidevu, nyuma ya miguu, na sehemu hizo hazikuchaguliwa ovyo; ngozi yake pale ni nyepesi. Watu husema tembo ana ngozi nene, hasikii. Ngozi yake kwa mahali fulani kweli ni nene, lakini inzi akitua juu yake anamsikia.

Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa na mwalimu wa hesabu mwenye fimbo ya mpera. Muhula wa kwanza aliitumia. Muhula wa pili aliiweka tu mezani, juu ya daftari la mahudhurio, na watoto sitini tukakaa kimya kama msibani. Mkaguzi angekuja muhula ule wa pili, akakaa nyuma ya darasa wiki nzima, angeandika kwamba hakuona mtoto hata mmoja akipigwa, na kwamba nidhamu ni nzuri. Angekuwa amesema kweli tupu. Na sisi tulikuwa tunajua tunachokijua.

Shika mfano huo, maana ndio utakaotuvusha sehemu inayofuata.

Ahadi ya maandishi ya mwisho

Maneno "hakuna mnyama aliyeumizwa" yana mwenyewe. Ni alama ya shirika la Marekani liitwalo American Humane. Chanzo chake ni kifo cha farasi. Katika filamu moja ya mwaka 1939 farasi alirushwa kutoka kwenye genge refu akafa, watu wakakasirika, na mwaka uliofuata shirika hilo likafungua ofisi Hollywood ili kuangalia wanyama wanavyotendewa. Miaka ikaenda, likapata nafasi ya kutuma wawakilishi wake kwenye upigaji wa filamu, na filamu inayotimiza masharti ikaruhusiwa kuweka maandishi yale mwishoni.

Tujue mawili kuhusu shirika hili. Si idara ya serikali, wala si polisi. Na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo imetoka kwenye mfuko wa tasnia yenyewe ya filamu. Sisemi kwamba wawakilishi wake ni waongo. Wengi ni watu wanaopenda wanyama, na kuna farasi wengi walio hai leo kwa sababu mtu mmoja mwenye kofia alisimama akasema "hapana, jua limekuwa kali, wapumzike". Nasema tu kwamba msomaji ajue nani analipa.

Lakini lililo kubwa zaidi ni mipaka ya ahadi. Maandishi yale yanahusu matukio ya mnyama wakati wa kupigwa filamu. Hayahusu alikofundishwa, alivyofundishwa, anakolala wala anakokwenda kazi ikiisha. Nembo ya ubora kwenye mfuko wa unga inakuambia unga ni salama. Haikuambii mkulima aliyevuna mahindi alilipwa au alidhulumiwa. Hakuna uongo kwenye nembo. Uongo unaingia pale sisi wanunuzi tunapoisoma kana kwamba inasema yote.

Mwaka 2012 jambo hili lilidhihirika kwenye filamu ya kwanza ya The Hobbit, iliyopigwa New Zealand. Watunzaji wa wanyama walisema wanyama wapatao 27, wakiwemo farasi, mbuzi na kuku, walikufa kwenye shamba walikohifadhiwa, lenye mashimo na senyenge mbovu. Shamba halikuwa eneo la kupigia picha, kwa hiyo lilikuwa nje ya ahadi. Mwaka uliofuata, 2013, jarida la The Hollywood Reporter lilichapisha uchunguzi mrefu, na ndani yake kulikuwa na barua pepe ya mwakilishi wa shirika hilohilo akieleza jinsi chui milia wa kweli aliyetumika kwenye Life of Pi alivyokaribia kuzama majini. Filamu ilikuwa imepata maandishi yake.

Kilichotokea kwa Rosie

Sasa turudi sebuleni. Aliyeigiza Rosie ni tembo jike wa Asia aliyeitwa Tai, aliyekuwa mali ya kampuni ya California iliyokodisha tembo kwa filamu, matangazo na maonyesho. American Humane walikuwepo wakati wa upigaji. Waigizaji walimsifu Tai kila walipohojiwa: upole wake, akili yake, mkonga wake uliokuwa ukipekua mifuko yao. Filamu ikatoka Aprili 2011.

Wiki chache baadaye shirika la kutetea wanyama la Animal Defenders International likatoa video iliyochukuliwa kwa siri mwaka 2005 kwenye uwanja wa mafunzo wa kampuni hiyo. Ndani yake wanaonekana watu wakiwapiga tembo kwa fimbo zenye ndoano na kuwagusa kwa vifaa vya shoti ya umeme ili wafanye michezo. Shirika lilisema Tai alikuwa miongoni mwa waliopigwa shoti. Kampuni ilikana kwamba inatesa wanyama. American Humane wakasema wao hawakuona ukatili wowote kwenye filamu, na kwamba picha zile ni za miaka mingi kabla.

Yasome tena majibu hayo ukiwa na fimbo ya mpera kichwani. Mkaguzi anasema: mimi nilikuwepo muhula wa pili, sikuona mtu akipigwa. Shirika linasema: sisi tuna picha za muhula wa kwanza. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Shemeji yangu alikuwa na muhula wa pili mkononi, mdogo wangu alikuwa na wa kwanza, na mtoto alikuwa ameuliza swali linalohusu mihula yote miwili.

Nina jambo jingine na filamu hii, na kwangu ndilo zito zaidi. Moyo wa hadithi unachukia kumpiga tembo. Ukitoka hapo unamchukia mwenye sarakasi na hasira zake. Lakini katikati ya hadithi kijana anagundua kwamba Rosie anaelewa amri za Kipolishi. Kumbe hakuwa mkaidi, alikuwa hajasemeshwa kwa lugha yake! Tangu hapo anasimama, anainua mguu, anabeba msichana mgongoni, yote kwa neno tamu. Ni sehemu nzuri, nilitokwa na machozi. Ila tafsiri yake ni kwamba shida ilikuwa mtu mmoja mbaya, na kwamba tembo akipata mtu mwema mwenye maneno sahihi atacheza kwa furaha. Nani aliyemfundisha Rosie hizo amri za Kipolishi, na kwa njia gani? Filamu haiulizi. Inatupatia mkosaji mmoja wa kumchukia, na kazi yenyewe inabaki safi.

Mambo tunayoyaamini kuhusu tembo

"Tembo yule anafurahi, si unaona anacheza?" Hili nimelisikia mara nyingi. Nenda kamwangalie tembo aliyefungwa mnyororo muda mrefu. Anahamisha uzito mguu wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Kichwa kinakwenda kama pendulo, mkonga unafuata nyuma, macho hayatazami popote. Muziki ukiwepo utadhani anaufuata. Ukizimwa, anaendelea vilevile. Huko si kucheza. Ni dalili inayojulikana ya mnyama aliyebanwa, kama mfungwa anayepima chumba kwa hatua zilezile siku nzima. Tembo wa porini hana mtindo huo.

Wengine husema tembo wa Afrika hazoezeki, wa Asia ndiye mwenye tabia ya utumishi, kwa hiyo anastahili. Jumbo alikuwa wa Afrika. Na mwanzoni mwa karne ya 20 Wabelgiji walianzisha kituo cha kuzoeza tembo wa Kongo, ambacho baadaye kilihamia Gangala-na-Bodio, karibu na Garamba, na tembo wale wakavuta magogo na mikokoteni. Walifikia hapo baada ya Mfalme Leopold kujaribu kuleta wa kutoka India: mwaka 1879 tembo wanne waliteremshwa pwani ya Msasani, Dar es Salaam, waende kwa miguu mpaka Ziwa Tanganyika wakiwa wamebeba mizigo. Walikufa mmoja baada ya mwingine na mpango ukaanguka. Kila nikipita Msasani nawawaza wale wanne wakitota majini, hawajui wako nchi gani. Tofauti kati ya tembo wa Asia na wa Afrika ipo, masikio tu yatakuonyesha, lakini hakuna mmoja aliyezaliwa kuwa mtumishi.

Upande wa pili nao una imani zake. Wapo wanaodhani kila tuhuma ya mtetezi wa wanyama ni ukweli uliothibitishwa. Kampuni yenye sarakasi kubwa kuliko zote Marekani, Ringling Bros. and Barnum & Bailey, ilishtakiwa na mashirika ya kutetea wanyama kwa jinsi ilivyowatendea tembo. Kesi ikatupwa mwaka 2009, baada ya mahakama kuona kwamba shahidi mkuu, mfanyakazi wa zamani, alikuwa akilipwa na upande wa walalamikaji. Mashirika yakaishia kuilipa kampuni mamilioni ya dola. Ni aibu, na watetezi wanapaswa kuikubali. Lakini katika kesi hiyohiyo, mkuu wa kampuni alikiri akiwa chini ya kiapo kwamba wazoeshaji wake hupiga tembo kwa fimbo zenye ndoano, na akatetea kwamba fimbo hiyo ni lazima. Shahidi aliharibu kesi, fimbo ilikuwepo.

Nini kimebadilika tangu wakati huo

Mengi, na kwa haraka. Bolivia ilipiga marufuku wanyama wote kwenye sarakasi mwaka 2009. Uingereza iliwaondoa wanyama pori kwenye sarakasi zinazosafiri kuanzia Januari 2020. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2021, na wanyama pori wa sarakasi zinazosafiri wamepewa mwisho wa 2028. Marekani haina sheria moja ya nchi nzima, ila California, nyumbani kwa filamu, ilikataza fimbo yenye ndoano kwa tembo kuanzia 2018. Ringling waliwastaafisha tembo wao Mei 2016, wakafunga sarakasi mwaka uliofuata, na mwaka 2023 wakarudi bila mnyama hata mmoja. Watu wanaruka, wanapanda kamba, wanaendesha baiskeli angani. Kwa maneno mengine, wamerudi na sarakasi yetu.

Filamu nazo zimehamia kwenye kompyuta. Filamu ya Dumbo ya mwaka 2019 inahusu sarakasi na ndama wa tembo, na tembo wote mle wamechorwa kwa kompyuta. Lakini tusidhani biashara ya wanyama waigizaji imekufa. Farasi, mbwa, ndege na nyani bado wanaonekana, hasa kwenye tamthilia na matangazo ya bei nafuu, maana kukodi mnyama kwa siku moja mara nyingi ni rahisi kuliko kumchora.

Tena hatuna haja ya kutazama mbali. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Hollywood yenye jina la Kiswahili, Hatari!, iliyopigwa Tanganyika, pande za Arusha. Waigizaji wanawafukuza vifaru na twiga kwa magari na kuwatia vitanzi ili wauzwe kwa bustani za ng'ambo. Wanyama wale ni wa kweli, mbio zile ni za kweli, pumzi zile zilizowaishia ni za kweli. Bado huoneshwa kama filamu ya familia. Nilipokuwa mdogo niliipenda, na nilijivunia kuona nchi yangu.

Swali linalobaki gumu ni la wale waliokwishazoeshwa. Watu husema "waachieni warudi porini". Tembo aliyeishi miaka arobaini na binadamu hajui chakula cha msituni, hana ukoo wa kumpokea, na haogopi watu kama inavyompasa. Njia iliyopo ni hifadhi za wastaafu, kama ile ya Tennessee iliyoanzishwa mwaka 1995, ambako wanapewa eneo kubwa, bwawa, wenzao, na hakuna anayewaomba kusimama kwa kichwa. Wengi hufika miguu imekwisha, maana miaka ya kusimama kwenye saruji na ndani ya mabehewa huila miguu kwanza.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kukaa nasi, akaomba tuiangalie tena. Safari hii hakuziba masikio. Nilikuwa nimemweleza habari ya fimbo ya mpera, na kwamba mnyama mwigizaji mara nyingi hupokea amri kutoka kwa mzoeshaji aliyesimama nje ya picha. Ilipofika sehemu tembo anainua mguu na kila mtu kwenye filamu anapiga makofi, alichukua rimoti, akasimamisha picha, akasogea karibu na kioo.

"Mama mdogo," akasema, "hapa anamwangalia nani?"

Tukakaa tukimtazama jicho.